Kuingia Nyaraka za Taifa na kutoka na kitu mkononi: mwongozo kamili kwa mwanafunzi mtafiti

Mwanafunzi akifika mapokezi akasema "nataka habari za karanga", ataletewa orodha ya majalada, ataipekua mpaka mchana, kisha atarudi bwenini akisema nyaraka hazina kitu. Zina kitu. Tatizo ni kwamba ameingia kama anaingia maktaba. Maktaba hupanga vitabu kwa mada. Nyaraka hupangwa kwa ofisi: jalada hukaa pamoja na ndugu zake waliozaliwa masjala moja, kwa mpangilio ule ule alioutumia karani wa masjala hiyo. Kwa hiyo swali la kujibu kabla hujapanda daladala ni hili: nani alikuwa na sababu ya kuandika juu ya jambo langu, na alimwandikia nani?

Mwongozo huu ni wa Tanzania, hasa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Zanzibar wana nyaraka zao, nitazigusa mbele. Nimeuandika nikimfikiria mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili ambaye hajawahi kufungua jalada la zamani maishani mwake.

Kilichomo ndani

Nyaraka za Taifa zilianza mwaka 1963, na leo zinaendeshwa chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Ukizigawa kwa haraka utapata matabaka matatu.

La chini kabisa ni la Wajerumani. Majalada hayo hutambulika kwa herufi G mbele ya namba, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Wanafunzi wengi huyakwepa kwa sababu ya lugha, na kusema kweli lugha ndiyo shida ndogo. Kubwa ni mwandiko. Barua nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo hawezi kuusoma bila kujifunza. Zilizopigwa chapa zinasomeka. Usiyatupe moja kwa moja: humo mna karatasi za Kiswahili pia, kwa sababu Wajerumani walitawala kwa Kiswahili kupitia maliwali, maakida na majumbe, na baadhi ya barua hizo zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kama bibi au babu yako alisoma chuo cha Kurani, mpelekee nakala.

Tabaka la kati ni la Waingereza, kuanzia 1916 hadi uhuru wa 9 Desemba 1961. Hapa ndipo wanafunzi wengi watafanya kazi. Kuna majalada ya Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali Dar es Salaam. Kuna ya idara kama Kilimo, Kazi na Elimu. Kuna ya majimbo na wilaya. Na kuna vile vitabu vya wilaya ambamo kila Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliandika aliyoyakuta: koo, machifu, mipaka, mvua, kodi, vyakula. Vitabu hivi ni vizuri kwa kuanzia na vibaya kwa kumalizia, maana kila aliyekuja alinakili kwa aliyemtangulia, pamoja na makosa yake.

Tabaka la juu ni la serikali huru. Kwa kawaida kumbukumbu za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30, na hata zikitimiza, jalada lenye siri au mambo binafsi ya mtu linaweza kubaki limefungwa. Kama mada yako ni ya juzi juzi, badilisha mada au badilisha chanzo.

Hatua ya kwanza: ipunguze mada mpaka ipate mahali na miaka

Nitashika mfano mmoja hadi mwisho: Mpango wa Karanga, ule mradi ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea ili ipate mafuta ya kula baada ya vita, na ukafa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. "Mpango wa Karanga Tanganyika" haufanyiwi kazi kwa wiki mbili. "Vibarua wa Nachingwea walitoka wapi na waliishi vipi, 1947 hadi 1951" inafanyika. Ina mahali, ina miaka, ina watu.

Hatua ya pili: chora ramani ya ofisi

Hapa usiharakishe. Chukua karatasi kubwa na kalamu ya risasi. Katikati andika kibarua wa Nachingwea, halafu jiulize mambo gani yalimpata, na kila jambo lilimgusa ofisa gani.

Aliandikishwa kazi, kwa hiyo Idara ya Kazi ilijua. Aliondoka kijijini kwao, pengine Newala au Songea, na chifu wake akamlalamikia Bwana Shauri kwamba vijana wamekwisha na mashamba yamebaki na wanawake na wazee. Kwa hiyo majalada ya wilaya zile nayo yana habari, ingawa karanga hazikulimwa huko. Huenda alivuka Ruvuma akitokea upande wa Mreno. Hapo linaingia suala la mpaka, na suala la mpaka hupanda mpaka Sekretarieti. Alikula, kwa hiyo kuna barua za bei ya unga. Aliugua, kwa hiyo kuna Idara ya Tiba. Alikunywa pombe, kwa hiyo kuna leseni za vilabu. Aligoma au alisikia habari za waliogoma, maana mwaka 1947 huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma na mgomo ukasambaa kufuata njia ya reli. Kwa hiyo kuna polisi. Mkuu wa Jimbo la Kusini aliandika ripoti ya mwaka, na ripoti hiyo ilifupishwa ikapelekwa Dar es Salaam, ikafupishwa tena ikapelekwa London.

Sasa una ofisi saba au nane badala ya neno moja. Ukikaa na orodha ya majalada utajua kurasa za kufungua.

Kanuni inayotokana na ramani hiyo ni kwamba kila ngazi inajua kitu ambacho nyingine haikijui. Wilayani wanajua jina la mtu, jimboni wanajua idadi, Dar es Salaam wanajua sera, London wanajua fedha. Fikiria kesi ya ardhi ya Wameru waliohamishwa Engare Nanyuki mwaka 1951. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Shauri moja, lakini karatasi zake ziko Arusha, Dar es Salaam, London na New York, na hakuna mahali pamoja penye hadithi nzima. Aliyesoma majalada ya Sekretarieti peke yake atakuwa ameisikia serikali ikijitetea kwa serikali.

Hatua ya tatu: waibie waliotangulia njia, si maneno

Kabla ya kwenda Upanga, nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana. Tafuta tasnifu za miaka ya 1970 na baadaye zilizogusa eneo lako. Usisome sura kwanza, soma tanbihi. Mtu aliyekutangulia ameacha namba za majalada humo, na kila namba ni siku moja uliyookoa. Kitengo hicho pia kina magazeti ya zamani na karatasi za Hans Cory, aliyefanya kazi serikalini wakati wa Mwingereza akikusanya mila na sheria za makabila. Kama mada yako ni ndoa, urithi au ardhi ya ukoo, unaweza kukaa humo wiki nzima kabla hujaihitaji Upanga.

Hatua ya nne: barua

Utahitaji barua ya utambulisho kutoka idara yako chuoni, yenye muhuri, jina lako kamili, namba ya usajili, mada, miaka unayotafiti na muda utakaokaa. Beba kitambulisho cha chuo na cha taifa, na picha ndogo mbili tatu. Asiye raia huanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuomba kibali cha utafiti, na hilo lisiachwe hadi wiki ya mwisho. Ulizia mapema ada za usajili na za kunakili. Mada kwenye barua iandikwe kwa upana kidogo: barua ikisema "vibarua wa Nachingwea" na wewe ukaomba jalada la kodi la Newala, utaulizwa linahusiana nini. "Historia ya kazi na maisha ya jamii, Jimbo la Kusini, 1940–1961" inakupa nafasi ya kupumua.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Fika mapema. Begi, chakula, maji na kalamu ya wino vinabaki nje ya chumba cha kusomea. Ndani unaingia na penseli, daftari au kompyuta, na kamera kama umeruhusiwa. Chukua sweta kama chumba kina kiyoyozi, na kitambaa cha kufutia vumbi mikononi.

Usiombe jalada asubuhi ile. Omba orodha. Orodha nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha wakoloni, na Kiingereza hicho kina kamusi yake. Habari za wafanyakazi hutaziona chini ya jina unalolijua leo. Zitakuwa chini ya "Native Labour". Njaa imefichwa kwenye majalada yenye kichwa cha upungufu wa chakula, au mbaya zaidi, kwenye jalada la barabara, kwa sababu watu walijengeshwa barabara ili wapewe posho ya unga. Siku mbili nzima niliwahi kutafuta neno njaa kwenye orodha. Siku ya tatu afisa mmoja mzee, bila kuniangalia, akasema, "Angalia mihogo." Ilikuwa kwenye mihogo.

Majina ya mahali nayo yanasumbua. Kwa Mjerumani, Mwanza ni Muansa, Bagamoyo ni Bagamojo, Ujiji ni Udjidji. Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kasanga ya Ziwa Tanganyika ilikuwa Bismarckburg. Mipaka pia ilihama: Jimbo la Kusini la Mwingereza si mkoa mmoja wa leo. Tengeneza jedwali la majina ya eneo lako kwa kila kipindi, ulibandike ndani ya jalada la daftari.

Kisha jaza fomu za kuombea majalada, zaidi ya moja kwa mara moja kama taratibu zinaruhusu, maana moja litakuwa kwa msomaji mwingine na jingine halitaonekana. Wasalimie maofisa vizuri na uwaeleze unatafuta nini kwa maneno ya kawaida. Orodha inajua kichwa cha jalada. Afisa aliyekaa humo miaka ishirini anajua kilichomo.

Hatua ya sita: kulisoma jalada

Jalada la ofisi ya Mwingereza lina sehemu mbili, na mgeni husoma moja tu. Kuna barua zenyewe, zenye namba za folio, yaani namba ya kila karatasi ndani ya jalada. Anza na namba ndogo hata kama iko chini kabisa. Halafu kuna madokezo, zile karatasi ambazo maofisa waliandikiana wao kwa wao kabla ya kujibu barua. Barua ndiyo serikali ikiwa imevaa suti. Dokezo ni serikali ikiwa na singlendi. Katika barua utasoma kwamba ombi la chifu limefikiriwa kwa makini na kukataliwa kwa masikitiko. Kwenye dokezo utakuta ofisa mmoja akisema chifu ana haki, mwingine akisema fedha hakuna, wa tatu akiandika herufi za jina lake tu na jambo likaishia hapo. Ukinukuu barua bila dokezo umeandika tangazo, hujaandika historia.

Vifupisho vya pembeni ni vichache. B.U. na tarehe maana yake jalada lirudishwe mezani siku hiyo. P.A. maana yake lirudishwe masjala, shauri limekwisha, au limechosha. Namba ya jalada jingine iliyoandikwa ukingoni ni zawadi: iandike papo hapo, ndiyo fomu yako ya kesho.

Sasa tafuta Kiswahili. Watu wa kawaida walimwandikia Bwana Shauri: mjane aliyenyang'anywa shamba, kibarua aliyekatwa mshahara, wazee wasiomtaka jumbe. Mara nyingi barua ya asili imeambatishwa na tafsiri ya karani nyuma yake, na maofisa wa juu walisoma tafsiri tu. Linganisha mstari kwa mstari. Mahali ambapo mwandishi amesema "tunakuomba baba yetu" unaweza kukuta tafsiri kavu kwamba walalamikaji wanadai. Hapo pekee pana sura ya tasnifu, na wewe unayekijua Kiswahili tangu utotoni una mkono wa juu kuliko profesa aliyekijifunza ukubwani.

Kwa habari za wanawake, usitafute kichwa cha jalada chenye neno hilo. Soma kesi za talaka na mahari, leseni za pombe, kodi ya nyumba, afya ya watoto, malalamiko ya masoko. Wamo, ila hawakufunguliwa jalada.

Hatua ya saba: kunukuu na kupiga picha

Wakati mmoja nilirudi nyumbani na picha mia na ushee za barua nzuri sana, na sikuwa na namba ya jalada hata moja. Sikuweza kuitumia hata moja. Tangu siku hiyo picha ya kwanza ni ya jalada lenyewe kwa nje, likiwa na namba na kichwa; ya pili ni karatasi niliyoandika tarehe; ndipo zinafuata folio kwa mpangilio wake, na kila picha ionyeshe namba ya folio kwenye kona. Jioni hiyo hiyo hamishia picha kwenye folda yenye jina la jalada, na uweke nakala mahali pa pili. Jioni hiyo hiyo, si wikendi.

Usipige kila kitu. Anayepiga kila kitu anaahirisha kusoma, na kusoma ukiwa chumbani kunakuonyesha jalada la kuomba kesho. Mimi huandika kwa kila folio muhimu mistari mitatu: nani kwa nani na lini, anasema nini, na kwa nini nimelijali. Mstari wa tatu ndio utakaoukumbatia miezi sita baadaye. Maneno ya hati yawe ndani ya alama za kunukuu daima, ya kwako nje. Ukichanganya mara moja, utaiba bila kukusudia.

Majina ya watu binafsi, wagonjwa, washtakiwa na watoto, yafiche kwenye tasnifu hata kama jalada liko wazi. Wajukuu wao wapo, wengine mnasoma nao darasa moja.

Hatua ya nane: uliza karatasi ilimtaka nani aamini nini

Ripoti za mwaka za Tanganyika zilipelekwa Shirikisho la Mataifa, na baada ya vita Umoja wa Mataifa. Zilikuwa za kuonyesha wageni. Ripoti ya safari ya ofisa kijana aliyelala kwenye hema wilayani ni ya kweli zaidi, lakini naye alitaka kupandishwa cheo. Ukikuta neno "mvivu", jiulize mshahara ulikuwa kiasi gani. Ukikuta "mchochezi", jiulize alisema nini. Takwimu zinazofanana mwaka hadi mwaka ni dalili ya karani aliyechoka.

Linganisha na magazeti. Kiongozi lilitoka Tanga kuanzia 1904, Mambo Leo la serikali lilianza 1923, na Kwetu la Erica Fiah lilianza 1937 likisema mambo ambayo Mambo Leo lisingeyasema. Tarehe moja, tukio moja, magazeti mawili, dokezo moja: hapo ndipo utafiti unapoanza kuwa na ladha.

Yaliyo nje ya Upanga

Zanzibar nenda Kilimani. Kundi la AA ni la ubalozi mdogo wa Uingereza, AB ni la sekretarieti ya serikali Zanzibar ilipokuwa nchi lindwa ya Mwingereza, na mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingia rejista ya UNESCO mwaka 2003. Kibali cha Bara hakikufikishi mbali kule. Omba cha kwao.

Barua za Tanganyika na Wizara ya Makoloni ziko Kew, London, kwenye kundi la CO 691, na majalada yaliyohamishwa kimyakimya wakati wa uhuru, ambayo Uingereza ilikubali kuwa nayo mwaka 2011 wakati wa kesi ya Mau Mau, yako FCO 141. Ukimpata mtu aliyeko London mwenye moyo, kupiga picha kwa kamera yake mwenyewe chumbani hakulipiwi. Kwa Wajerumani ni rahisi zaidi: kundi la R 1001 la wizara yao ya makoloni, lililoko Berlin, limewekwa kwenye intaneti na unalisoma bure ukiwa kitandani.

Kurejelea, na siku ya mwisho

Rejea iwe na jina la nyaraka, namba kamili ya jalada, folio, nani kwa nani, na tarehe. Kuna mtego mmoja: watafiti wa kwetu hufupisha Nyaraka za Taifa za Tanzania kwa TNA, na Kew nao hujiita TNA. Kama umetumia zote mbili, andika TNA-Dar na TNA-Kew, na ueleze hivyo ukurasa wa mwanzo.

Siku ya mwisho usiombe jalada jipya baada ya saa sita mchana. Kaa na daftari lako uhakiki nukuu utakazozitumia dhidi ya hati zenyewe, neno kwa neno, maana kurudi kwa ajili ya koma ni nauli. Rudisha karatasi kwa mpangilio wa folio ulivyozikuta. Kisha andika orodha ya majalada yote uliyoomba ukaambiwa hayaonekani, na uiweke kwenye sura ya mbinu za utafiti. Msimamizi wako atajua usichokiona hukukificha, na atakayekuja baada yako ataanza kwa kuyauliza hayo.